Kansa ya Figo na Kisanduku cha Rangi

Ukiendesha lori Marekani, afya yako ina tarehe ya kuisha muda. Leseni ya magari makubwa peke yake haitoshi. Lazima uwe na kadi ya afya, na daktari anayeitoa anafuata viwango vya serikali kuu. Presha ikiwa chini ya 140 kwa 90 unapewa kadi ya miaka miwili. Ya juu ikifika 140 hadi 159, au ya chini 90 hadi 99, unapewa mwaka mmoja. Kuanzia 160 unapewa miezi mitatu ujirekebishe, na ikifika 180 kwa 110 unateremshwa kwenye usukani siku hiyohiyo. Kisha unapewa kikopo cha mkojo, muuguzi anachovya kijiti chenye vipande vya rangi na kusoma vitu vichache: protini, damu, sukari na uzito wa mkojo wenyewe.

Kijiti hicho ndicho kilichoanzisha safari yangu mwaka 2022, nikiwa na miaka 53. Kipande cha damu kiligeuka rangi, ilhali kwa macho mkojo wangu ulikuwa wa kawaida kabisa. Presha ilisoma 152 kwa 94 ingawa asubuhi nilikuwa nimemeza amlodipini, dawa yangu ya presha, kama kawaida. Nikapewa kadi ya mwaka mmoja na barua ya kwenda kwa daktari wangu. Picha ya CT ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3.5 kwenye figo ya kushoto, upande wa chini.

Sikuwa na maumivu popote. Sikuwa nimekonda. Nilikuwa nimetoka Memphis na mzigo siku chache kabla. Daktari hakushangaa: Marekani hugundua takriban wagonjwa wapya 80,000 wa kansa ya figo kila mwaka, na zaidi ya nusu ya uvimbe huo siku hizi unaonekana kwa bahati, mtu akipigwa picha kwa sababu nyingine.

Nilipofika kwa daktari wa upasuaji, nilimwambia jambo moja kabla hajafungua picha zangu kwenye kompyuta: nimebeba kinasaba kimoja cha sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliacha alichokuwa akifanya, akanigeukia, akaniuliza nimejuaje.

Nimejua kwa njia mbili, na moja bado inanitia uchungu. Mwaka 2019 tulimzika kijana wa rafiki yangu, mtu tuliyesoma naye Mwanza. Alikuwa na miaka 24, anaendesha mashine ya kubebea mizigo kwenye ghala, hana ugonjwa wowote aliowahi kuambiwa. Akaanza kukojoa damu. Zahanati moja ikampa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo, na damu iliporudi wakamwambia huenda ni mawe kwenye figo, anywe maji mengi. Miezi ikapita. Alipopigwa picha hatimaye, uvimbe kwenye figo ya kulia ulikuwa umeshatuma watoto kwenye tezi na mapafu. Hospitali kubwa aliyopelekwa ndiyo iliyouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: je, amebeba sikoseli? Hakuwa anajua. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa sikoseli wakiwa wachanga, katika majimbo yote tangu 2006, lakini yeye alizaliwa Mwanza na kuja huku akiwa darasa la tano. Walipompima, akakutwa nacho kinasaba kimoja.

Ugonjwa wake unaitwa kansa ya figo ya medulari. Ni nadra sana, na karibu wote wanaoupata wamebeba kinasaba cha sikoseli, wengi wakiwa vijana. Wanapatholojia wa jeshi la Marekani ndio waliouelezea kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea, mwaka 1995. Maelezo ambayo wataalamu wanayaegemea yanaingia akilini: sehemu ya ndani kabisa ya figo ina oksijeni kidogo na chumvi nyingi, na huko hata damu ya mtu mwenye kinasaba kimoja tu, ambaye mwili wake wote uko salama, inaweza kujikunja umbo la mundu na kuziba vijishipa. Seli za pale zinaumia na kujijenga upya mara kwa mara, hadi nyingine zinapoteza kinasaba kiitwacho SMARCB1 ambacho kazi yake ni kuzuia kansa. Figo ya kulia ndiyo inayoshambuliwa zaidi. Dawa za kisasa zinazowasaidia wagonjwa wengi wa kansa ya figo hazifanyi kazi kubwa hapa. Madaktari huanza na kemotherapi ya jamii ya platinamu. Kijana wetu alipewa, uvimbe ukapungua kwa muda, kisha ukarudi. Hakumaliza mwaka.

Njia ya pili ilikuwa ya heri. Binti yangu mkubwa alipata nafasi ya kukimbia mbio kwenye timu ya chuo, na tangu 2010 wanariadha wa vyuo vya daraja la kwanza hapa hupimwa kinasaba cha sikoseli kabla ya kuingia uwanjani, kwa sababu kuna vijana waliowahi kuanguka na kufa mazoezini. Akakutwa nacho. Tukapimwa mimi na mama yake. Kimetoka kwangu.

Kwa hiyo tangu niliposikia neno uvimbe nilikuwa na hofu moja tu, na yule daktari aliielewa. Aliniambia umri wangu na upande wa figo vinanipa matumaini, lakini ataandika habari ya sikoseli kwenye fomu ya maabara ili wanaotazama nyama kwa hadubini wapime protini ya INI1, ile inayotengenezwa na kinasaba cha SMARCB1. Kwenye medulari huwa imepotea. Alikata uvimbe pamoja na ukingo mdogo, akaiacha figo mahali pake.

Majibu yalikuja: INI1 ipo. Aina: papilari. Kingo safi, hazina kansa.

Mke wangu alilia kwa furaha akidhani kansa imekanushwa. Haikuwa hivyo, ila tulikuwa na sababu ya kushukuru. Kansa ya figo ni jina la ukoo. Ndani yake kuna magonjwa kadhaa, na mtu anaweza kutibiwa miaka bila kuambiwa anaumwa lipi. Karibu robo tatu ya kansa za figo za watu wazima ni za seli angavu, zinazoitwa hivyo kwa sababu chini ya hadubini seli zake zinaonekana kama tupu, mafuta yaliyokuwa ndani yakiwa yamesafishwa maabara. Papilari ni kama asilimia 10 hadi 15, na seli zake hujipanga kama vidole vidogo. Kromofobi ni takriban asilimia 5. Medulari ni chembe tu ya zilizobaki.

Hiyo ni hesabu ya wagonjwa wote kwa pamoja. Ukiwatenga Wamarekani weusi, picha inabadilika: seli angavu zinapungua, papilari zinapanda hadi zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Wazungu. Nilipomuuliza daktari kwa nini, alisema kwa uaminifu kwamba kuna mambo kadhaa yamesukana, na akaanza kunieleza moja baada ya jingine. Mengine niliyatafuta mwenyewe usiku, nikiwa nimeegesha lori, na sijaacha kuyatafuta hadi leo.

Kila fomu ya hospitali hapa ina kisanduku cha rangi. Mimi hutia alama kwenye Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa wa mfumo wa mkojo nilizoeana na mzee mmoja mzaliwa wa Alabama, ambaye babu za babu zake waliletwa kwa meli za watumwa kutoka Afrika Magharibi. Naye anatia alama palepale. Mimi ni Msukuma wa Kwimba. Nasaba yangu na yake zimetengana kwa maelfu ya miaka, lakini kwa kompyuta ya hospitali tuko safu moja. Nilianza kujiuliza kile kisanduku kinampa daktari habari gani hasa.

Nikapata jibu moja kwenye faili langu mwenyewe. Kuna karatasi ya maabara ya mwaka 2018, nikiwa na miaka 49. Kreatinini, ile taka ya damu inayoonyesha figo zinachuja vipi, ilikuwa 1.5. Chini yake yameandikwa makadirio ya uchujaji kwa mistari miwili. Mstari wa kwanza: kwa asiye Mweusi, 50. Mstari wa pili: kwa Mweusi, 60. Damu ni ileile, iliyotoka mkononi mwangu asubuhi ileile. Figo ikibaki chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu. Daktari niliyekuwa naye wakati ule akasoma mstari wa pili, akaniambia figo ziko sawa, tuendelee na dawa ya presha. Aliufuata utaratibu uliokuwepo. Ule mlinganyo uliotumika tangu 1999 ulizidisha matokeo ya kila mtu mweusi kwa 1.2 na kidogo, kwa dhana kwamba weusi wana misuli mingi inayotoa kreatinini zaidi. Hakuna aliyenipima misuli. Kisanduku ndicho kilichopima.

Mwaka 2021 vyama vya wataalamu wa figo Marekani vilipendekeza mlinganyo mpya usiouliza rangi. Kwa kreatinini ileile ya 1.5, nikiwa na 53, mlinganyo mpya ulinipa 55. Nikapelekwa kwa daktari wa figo mara ya kwanza maishani. Yule mzee wa Alabama aliathirika kuliko mimi. Figo zake zilikufa kabisa, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mlinganyo wa zamani ulikuwa umemchelewesha kuingia kwenye foleni ya kupandikizwa figo. Kuanzia Januari 2023 vituo vya upandikizaji vililazimishwa kupitia orodha zao na kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopoteza. Alinionyesha barua yake. Alikuwa ameikunja mara nne na kuiweka kwenye pochi.

Nimekaa hapa kwa makusudi, maana hapa ndipo suala la figo mbovu linapokutana na kansa. Figo iliyochoka miaka mingi, hasa ya mtu anayesafishwa damu, huota vifuko vya maji, na ndani ya vifuko hivyo kansa hupata mahali pa kuanzia. Papilari ni mojawapo ya aina zinazopenda figo za namna hiyo. Yule mzee alikuja pale kwa sababu hiyo. Wamarekani weusi wanapata kushindwa kwa figo mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, basi si ajabu papilari nazo zikaongezeka kwao.

Halafu kuna presha. Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani iliendesha utafiti mkubwa Detroit na Chicago kati ya 2002 na 2007, ikiwalinganisha wagonjwa weusi na Wazungu na watu wasio na kansa. Presha iliongeza hatari kwa wote, na kwa weusi iliongeza zaidi. Kadiri mtu alivyokaa na presha miaka mingi, ndivyo hatari ilivyopanda. Kwa maoni yangu hili ndilo lenye faida kubwa kwa mtu wa kawaida, kwa sababu kinasaba huwezi kukibadilisha lakini presha inapimika dukani. Uvutaji sigara na unene vimo pia, na kazi yetu ya kukaa masaa 11 kwenye usukani na kula vituo vya mafuta inavilea vyote viwili.

Kuhusu vinasaba, nilijifunza jambo ambalo mtu wa Kanda ya Ziwa atalielewa haraka. Kuna kinasaba kiitwacho APOL1. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba aina zake mbili, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, humkinga mtu dhidi ya vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o, lakini ukizirithi kutoka kwa baba na pia kwa mama, figo zako ziko hatarini kushindwa. Takriban asilimia 13 ya Wamarekani weusi wamerithi pande zote mbili. Aina hizo zimejaa Afrika Magharibi, kwa Wayoruba hasa, na Afrika Mashariki ni chache zaidi. Ethiopia ni kama hazipo. Mzee wa Alabama ana sababu ya kupimwa APOL1. Mimi nina sababu ya kupimwa sikoseli. Kisanduku kimoja kilituweka pamoja na hakikumwambia daktari tofauti hiyo, hadi kila mmoja alipoulizwa habari za kwao.

Na si weusi tu. Njia yangu ya magharibi hupita barabara kuu ya 40, Gallup na ardhi ya Wanavajo, hadi Flagstaff. Miaka yote niliyopita pale sikujua kwamba Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska ndio wanaoongoza kwa kansa ya figo nchini Marekani, wakifuatwa na weusi, kisha Wazungu, na Waasia wakiwa chini kabisa. Kwao nyingi ni seli angavu, tofauti na sisi. Kisukari, unene, sigara na hospitali zilizo mbali vinatajwa sana. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kufikiri kwamba ngozi nyeusi ndiyo chanzo cha lolote. Jamii mbili zinaongoza, kila moja kwa aina yake ya kansa na kwa historia yake.

Kuna jambo lililonikera katika haya masomo yangu ya usiku. Weusi hugunduliwa mara nyingi wakiwa na uvimbe mdogo ambao haujasambaa, kama wangu. Ungetegemea wapone zaidi. Badala yake wanaishi muda mfupi kuliko Wazungu baada ya kugunduliwa, na mojawapo ya sababu ni kwamba hufanyiwa upasuaji mara chache zaidi. Na kwenye mkusanyiko mkubwa wa vinasaba vya kansa ya figo ya seli angavu uliochapishwa 2013, wagonjwa weusi walikuwa wachache mno. Watafiti waliporudi kuwatazama hao wachache, mwaka 2016, walikuta kinasaba cha VHL, ambacho dawa nyingi za kansa ya figo zimejengwa juu ya kuharibika kwake, kimeharibika kwa weusi mara chache kuliko kwa Wazungu. Maana yake hata ukiwa na aina ileile kwa jina, huenda dawa haikukuta ugonjwa uleule. Ndiyo maana nilipoombwa kuchangia nyama ya uvimbe wangu kwa utafiti, nilisaini. Wenzangu wengine wa Kiafrika huogopa kusaini, na historia ya hospitali za nchi hii inawapa haki ya kuogopa. Mimi nilisoma karatasi yote, nikauliza jina langu litaondolewa vipi, nikaridhika.

Kwa sasa sina dawa ya kansa ninayomeza. Napigwa picha kwa ratiba, presha naipima ndani ya lori kila asubuhi na kuandika, na daktari wa figo amenibadilishia dawa. Papilari yangu ingekuwa imesambaa, ningepewa kabozantinibu, dawa ambayo mwaka 2021 ilionyesha kuizuia papilari kwa muda mrefu kuliko iliyokuwa ikitumika kabla. Nimeiandika kwenye simu ya mke wangu, pamoja na nakala ya ripoti ya maabara, ili hata nikilazwa mji nisioujua mtu asianze kunitibu kama mgonjwa wa seli angavu.

Mwaka jana niliwapigia simu ndugu zangu Mwanza na Kwimba. Huko kinasaba cha sikoseli kipo kwenye koo nyingi sana, na wengi wanaokibeba hawajui, kwa sababu hakiwafanyi waugue. Na huko mvulana akikojoa damu hakuna anayeshtuka. Sisi tulikua tukiogelea malambo na kulima majaruba ya mpunga, na kichocho ni kitu cha kawaida hivi kwamba watoto hutaniana nacho. Mtu akipeleka mkojo mwekundu zahanati, anapewa prazikwanteli, na mara nyingi hiyo ndiyo dawa sahihi. Wasiwasi wangu ni kwa yule ambaye damu imerudi baada ya dawa, tena kijana, tena ametoka kwenye ukoo wa sikoseli. Yule wa 24 tuliyemzika alikuwa katika nchi yenye mashine za CT kila kona, na bado alipotea miezi kadhaa kwenye dawa za mkojo. Wengi wenye kinasaba kimoja wanaokojoa damu hawana kansa. Lakini ultrasaundi ya figo ni dakika chache, na kwa kijana wa namna hiyo inafaa ifanyike mapema.

Dada yangu alisikiliza yote, akasema, "Kaka, huyu wa kwangu wa pili alikojoa damu mwezi wa tano." Akampeleka hospitali ya mkoa na ujumbe wangu wa maandishi mkononi. Daktari kijana aliyewapokea aliusoma, akaagiza vipimo vitatu kwa pamoja: mayai ya kichocho, sikoseli na ultrasaundi. Mayai yalikuwepo. Kinasaba kimoja cha sikoseli kilikuwepo. Figo zote mbili zilikuwa safi. Alipewa prazikwanteli, na kwenye daftari lake la kliniki daktari ameandika kwa wino mwekundu kwamba damu ikionekana tena apigwe ultrasaundi siku hiyo, kabla ya dawa yoyote.